Mafarakano na Mapatano: Mazingatio kutoka Bonde la Rufiji

Binadamu wanapokaa pamoja hawakosi kuhitilafiana. Ndugu wa tumbo moja hugombania mpaka wa shamba, na wazee wa mji mmoja huketi barazani hadi usiku wakibishana, kisha huagana kwa salama. Hitilafu ya namna hiyo haivunji nchi. Lakini iko hitilafu nyingine, ambayo mtu akiingia humo hamwoni tena mwenziwe kuwa ni jirani, ila humwona kuwa ni mtu wa upande ule. Hapo salamu hukatika, mazishi hususwa, na neno la upande ule, hata likiwa la kweli, huitwa uongo. Hiyo ndiyo hasama, na ndiyo tutakayoizungumza hapa, tukiitazama kutoka mahali tulipofanyia kazi ya ualimu kwa miaka mingi, yaani Kibiti na delta ya Mto Rufiji.

Mahali hapa panafaa kwa mazungumzo hayo. Mrufiji hakupata jina lake kwa babu mmoja. Alilipata kwa mto. Wandengereko, Wanyagatwa wa delta, Wamatumbi, Wangindo na Wapogoro walikutana katika bonde hili, na neno moja likawakusanya. Mto wenyewe, ukikaribia bahari, hugawanyika katika mikono mingi, kama vile Simba Uranga, Kikunya na Msala, na katikati yake umesimama msitu wa mikoko ulio mkubwa kupita mingine yote ya Afrika Mashariki, wenye hekta 53,000 hivi. Boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Uarabuni kwa karne nyingi.

Watu wa bonde wamejifunza kuishi na maji. Yakipanda, hupata mpunga. Yakishuka, hulima mlau katika ardhi iliyobaki na unyevu. Wakati wa mpunga jamaa nzima huhamia shambani na kukaa katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wapate kulinda mazao yao dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Mzee mmoja wa delta alipata kutueleza kwamba ulinzi huo haufai kitu ukiwa wa mtu mmoja. Shamba la jirani likiachwa bila mlinzi, nguruwe hupitia humo na kuingia kwako. Kwa hiyo, alisema, mtu aweza kumchukia jirani yake mwaka mzima, lakini msimu wa mpunga hana budi kumwamsha usiku. Twaona kwamba maneno hayo ya mkulima yana elimu kubwa ya siasa. Umoja haukutaka watu wapendane kwanza; ulitaka wakumbuke kwamba mipaka ya mashamba yao imegusana.

Historia nayo inathibitisha. Mwaka 1905, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwaita watu wa makabila mbalimbali waliokuwa wakionewa kwa kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, lakini vita vya Maji Maji vilienea kusini yote mpaka mwaka 1907. Umoja ule ulijengwa juu ya uchungu mmoja. Kazi ya taifa huru ni ngumu zaidi, kwa sababu adui wa nje akiisha kuondoka, watu hubaki wakitazamana wenyewe kwa wenyewe.

Baada ya uhuru Watanzania walijaribu njia ya kushindana bila kufarakana. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU walisimama katika jimbo moja, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba. Walizunguka pamoja na kuhutubia katika jukwaa lilelile, kwa Kiswahili, wakiwa wamekatazwa kutumia kabila, dini au rangi. Watu wakubwa walianguka, miongoni mwao Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa akigombea kiti cha Rufiji, yeye aliyekuwa ameamsha maelfu ya wanawake kuingia TANU tangu mwaka 1955. Mwaka 1969 alikamatwa kwa mashtaka ya uhaini, mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akasamehewa na Rais Nyerere na kuachiliwa. Alifariki mwaka 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Mwanafunzi anayepita barabara hiyo yafaa aijue habari yote, ya sifa na ya kifungo. Taifa lililoweza kumrudishia heshima mtu liliyemfunga limeonyesha kwamba mlango wa kurudiana unaweza kufunguliwa.

Mfano wa pili ni wa Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Watu wapatao asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wengi walikuwa na nguvu ya kuwanyamazisha wachache, na hawakuitumia. Tungependa walimu walifundishe jambo hili kwa mkazo, kwa kuwa demokrasia hupimwa kwa namna wengi wanavyowatendea wachache, kuliko kwa hesabu ya kura peke yake.

Lakini tusijisifu kupita kiasi, maana Kibiti yenyewe imeonja uchungu. Kati ya miaka 2015 na 2017 watu wasiojulikana waliwaua viongozi wa vijiji na vitongoji, wanachama wa chama tawala na askari, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja karibu na Jaribu Mpakani. Wakazi wengine nao walitoweka, na jamaa zao hawakupata jibu. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017.

Sisi tuliokuwa tukifundisha tuliona hofu ikiingia hata darasani. Mtoto wa mjumbe alikaa mbali na wenzake. Mtoto aliyepotelewa na baba alinyamaza, naye akatazamwa kwa mashaka. Waliokuwa wakibisha hodi jioni waliacha kubisha, na waliokuwa wakifungua waliacha kufungua. Hasama ikifika hapo, hata asiye na upande hupewa upande. Wakati huo watu walikuwa na malalamiko ya siku nyingi, juu ya ardhi, ushuru wa mazao ya misitu, na ugomvi wa wakulima na wafugaji walioingia bondeni kwa wingi baada ya kuondolewa Ihefu mwaka 2006. Hakuna lalamiko linalohalalisha kuua. Lakini lalamiko lisilo na mahali pa kusemwa huwa ni shamba lililoachwa bila mlinzi; mwovu yeyote hupitia humo.

Ndugu zetu wa Zanzibar waliijua hasama kabla yetu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995, huko Pemba watu walisusiana maduka, arusi na maziko kwa ajili ya chama. Mwafaka wa mwaka 1999 haukutekelezwa sawasawa, na Januari 2001 damu ikamwagika. Mwafaka wa pili ulifuata mwaka huohuo. Mwishowe, Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana ana kwa ana. Na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni, asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Uchaguzi wa mwaka huo ulipita kwa utulivu. Mwaka 2015 uchaguzi ulifutwa na mambo yakaharibika tena, na Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine wenye machungu, Maalim Seif aliingia tena serikalini, miezi miwili tu kabla ya kufariki. Twajifunza kwamba mapatano ni kama paa la makuti. Lisipoezekwa upya kila baada ya muda, huvuja, na anayelowa husahau kwamba lilipata kuwa zima.

Ndipo ikaja tarehe 29 Oktoba 2025. Siku ya uchaguzi mkuu iligeuka kuwa siku ya vurugu na vifo, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Hata idadi ya marehemu ikawa jambo la kubishaniwa kwa pande. Novemba tume ya uchunguzi ikatangazwa. Hatuandiki haya ili kuchochea moto. Twaandika kwa sababu vijana walio mbele yetu darasani waliyaona au waliyasikia, na mwalimu anayejifanya hayakutokea huwafundisha kwamba shule si mahali pa ukweli.

Basi tufanyeje? Kwanza, tusidhani kwamba umoja maana yake ni kunyamaza. Marehemu huzikwa kwa jina lake, na jamaa zake huelezwa alivyokufa. Bila hivyo matanga hayaishi. Taifa nalo haliwezi kusamehe jambo ambalo halijalitaja. Ukweli utangulie, haki ifuate, na msamaha utolewe na wale walioumizwa.

Pili, turudie yaliyomo katika utamaduni wetu. Utani, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, uliwawezesha watu wa makabila tofauti kuambiana maneno makali pasipo kutoa kisu, na kuzikana siku ya msiba. Ngoma ya beni, iliyoenea mwambao na bara baada ya miaka ya 1890, iligawa miji katika makundi yaliyoshindana kwa mavazi na nyimbo, kama Marini na Arinoti. Mara nyingine walipigana kweli. Lakini kwa kawaida aliyeshindwa alijua kwamba mwakani atacheza tena. Mtu akijua kwamba hatapata zamu nyingine, ndipo hukata ngoma yenyewe. Kwa hiyo mashindano ya siasa yahitaji mwamuzi anayeaminiwa na pande zote mbili, na mshindi asiyekula sinia lote.

Tatu, tuanze shuleni. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, na mji wa Muhoro kujaa maji, wanafunzi wetu waligawanyika. Wengine walililaumu bwawa la Julius Nyerere, wengine wakasema ni mvua, na kila upande ukauita mwingine vibaraka. Tuliwaagiza jambo moja: kabla ya kujibu, kila mmoja aeleze hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe aseme, "Ndivyo nilivyosema." Siku ya kwanza hakuna aliyeweza. Baada ya majuma mawili waliweza, na ubishi haukuisha. Ila neno vibaraka halikusikika tena, na baadhi yao wakaenda pamoja kuwauliza wazee juu ya mafuriko ya zamani.

Walimu wenzetu na vijana wetu, hilo ni jambo dogo, nasi hatudai kwamba litaponya nchi nzima. Lakini mashamba yetu yamegusana, na usiku tuko sote katika madungu. Anayemwona nguruwe akiingia kwa jirani yampasa apige kelele, hata kama juzi waligombana.