Roboti ya shule ikimaliza mashindano, ifunguliwe

Mgeni akiwa katikati ya jiji la Mwanza hachelewi kuelekezwa Makoroboi. Jina la eneo hilo lilitokana na kazi. Mafundi wa hapo walichukua makopo matupu na mabati chakavu, wakayakata, wakayakunja na kuyatia utambi, yakawa taa ndogo za mafuta ya taa. Kwingine taa hizo huitwa vibatari. Huku ni koroboi. Kopo lililotupwa jalalani likarudi nyumbani kuwa taa ya mtoto kujisomea.

Leo umeme umefika mitaa mingi na koroboi hainunuliwi kama zamani, lakini akili ile haijahama mjini. Bati kuukuu bado linageuka jiko la mkaa, na simu iliyokufa bado inatoa kioo cha kuponya simu nyingine. Mwanza ni jiji la mawe, na pia la watu wanaokigeuza kitu mara mbili kabla ya kukitupa.

Nimeanza na Makoroboi kwa sababu ya swali ambalo mzazi mwenye mtoto kwenye klabu ya sayansi anapaswa kuliuliza. Ile roboti ya mashindano, iliyotafutiwa michango na wafadhili, iliyowakesha watoto, sasa iko wapi?

Kwa nini inazeeka haraka

Roboti ya mashindano si mwanasesere. Ina fremu ya alumini au plastiki, magurudumu, mota, sensa, nyaya, betri, na ubao mdogo wa kielektroniki unaobeba programu walizoandika watoto. Hutengenezwa kwa ajili ya mchezo mmoja, na mchezo hubadilika kila msimu.

Chukua mfano wa FIRST Global, mashindano ambayo kila nchi hupeleka timu moja ya vijana, Tanzania ikiwemo. Yalianza mwaka 2017 jijini Washington, na mada ilikuwa maji safi: roboti zilishughulika na mipira ya rangi mbili, moja ikiwakilisha maji na nyingine uchafu wake. Mwaka 2019 huko Dubai mada ikawa uchafu wa baharini. Mwaka 2024, Athens, ikawa chakula. Mkono uliobuniwa kuokota mpira wa mwaka huu mara nyingi hauna kazi mwakani. Hata hivyo mota bado inazunguka, ubao bado unapokea programu, na skrubu ni skrubu.

Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Marekani, ambako mashindano ya roboti ya FIRST yalianza mwaka 1992, timu nyingi hunyofoa ubao na mota za roboti ya zamani na kuzifunga kwenye mpya, kisha hubakiza moja nzima kwa ajili ya maonyesho na mazoezi. Hata kwao vifaa hivi ni ghali.

Kwetu, ambako vingi huagizwa kutoka nje, kishawishi ni kuifanya roboti kuwa kombe. Inapigwa picha na viongozi, inawekwa kwenye kabati la kioo, na ufunguo unabaki ofisini. Nia si mbaya, kwani shule inatunza heshima yake. Lakini timu ya mashindano ni watoto wachache, na shule ina mamia. Roboti iliyofungiwa inawafundisha hao mamia jambo moja tu: kwamba kuna vitu vya kuguswa na wachache na kuangaliwa na wengine.

Meli iliyokuja kwa vipande

Ukitoka Makoroboi ukateremka hadi bandarini, ziwa lenyewe lina somo. MV Victoria, meli ambayo familia nyingi za Mwanza na Kagera zimesafiria, iliundwa Scotland. Huko iliunganishwa kwanza, vipande vyake vikatiwa namba, kisha ikafunguliwa, ikapakiwa na kuvushwa bahari. Iliunganishwa upya Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Ilikuja kufika siku ikachoka na kusimama kwa miaka kadhaa, lakini baada ya ukarabati mkubwa ilirudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ikipeleka abiria Bukoba.

Meli ile ilifika ziwani kwa sababu iliweza kufunguliwa. Ikafufuka kwa sababu walikuwapo watu wa kuifungua tena.

Kwa mwandishi wa afya, hili si jambo la vyuma tu. Mwaka 2018 kulikuwa na majaribio ya miezi sita ya ndege isiyo na rubani ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, takriban kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Majaribio yaliisha. Lakini ziwa lina visiwa vingi, na zahanati za visiwani zina friji za chanjo, mashine za maabara na umeme wa jua. Vyote hivi huharibika. Siku vikiharibika, mgonjwa hasaidiwi na aliyewahi kuona mashine kwenye kabati. Anasaidiwa na aliyezoea kushika bisibisi.

Kazi ya pili ya roboti

Basi roboti ya zamani ifunguliwe, na ifunguliwe na wale ambao hawakwenda mashindanoni. Wa kidato cha kwanza waitoe skrubu moja moja, waipige picha kila hatua, wabandike namba kwenye kila waya, wachore ramani ya kilichokuwa wapi. Kisha waiunganishe. Ikigoma kutembea, hapo ndipo somo linaanza.

Baada ya hapo vipande vinaweza kuajiriwa. Sensa ya kupima umbali, inayoizuia roboti isigonge ukuta, inaweza kufungwa juu ya tenki la maji la shule na kupima kina kilichobaki. Shule ikajua maji yanaelekea kuisha kabla vyoo havijakauka, na mama yeyote mwenye binti wa sekondari anaelewa maana ya siku moja ya choo kisicho na maji. Mota ndogo inaweza kuzungusha feni. Fremu inaweza kwenda shule ya msingi ya jirani, watoto wakajifunza kufunga nati.

Watoto walioijenga wanaweza kulia. Usiwacheke. Wameipa jina, wamelala wakiiwaza. Waambie waandike historia yake kwenye daftari, picha zikae humo, na kila aliyekuwa kwenye timu abaki na kipande kimoja cha kumbukumbu.

Kabla ya bisibisi, betri

Hapa naomba mzazi asome taratibu, kwa sababu sehemu hatari zaidi ya roboti kuukuu ni ile inayosahaulika ndani yake.

Betri ya lithiamu iliyovimba, iliyotoboka au inayopata joto isichajiwe tena, isitobolewe wala isigongwe. Inaweza kuwaka moto. Mtu mzima aiweke mahali pa wazi, kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, mbali na vitu vinavyoshika moto, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe wa umeme. Betri nzima nayo ichajiwe mbele ya mtu, si usiku bwenini wakati watu wamelala.

Vibetri vya duara vinavyofanana na vifungo vya shati ni hatari kwa wadogo walioko nyumbani. Kimoja kikimezwa na kukwama kwenye njia ya chakula, kinaweza kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa mbili tu. Ukishuku mtoto amekimeza, usimtapishe na usingoje choo. Mpeleke hospitali hapo hapo.

Nyaya hazichomwi moto ili kupata shaba, hata kama mnunuzi wa vyuma chakavu anaitaka. Moshi wake una sumu. Na neno lenyewe la mafundi, kuchomea risasi, ni onyo tosha: risasi nyingi za kuchomea zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwenye damu. Madirisha yawe wazi, na mikono inawiwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Jambo hili ni kubwa kuliko karakana ya shule moja. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaofaa. Hapa Mwanza hesabu ni fupi zaidi. Mvua ikinyesha, maji ya vilimani huingia mitaroni na Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Maji ya bomba ya jiji yanavutwa kutoka ziwa hilo hilo, Capri Point na Butimba. Betri iliyotupwa mtaroni haijaenda mbali.

Ukienda kikao cha wazazi

Maswali yako matatu yanatosha. La kwanza: roboti ya mwaka jana iko wapi, na nani ana ufunguo? La pili: ni watoto wangapi wasio wa timu wameigusa muhula huu? La tatu: betri zake zinatunzwa wapi, na zikifa zinakwenda wapi?

La tatu huenda likachukua muda kujibiwa. Si kosa la mwalimu, maana mara nyingi naye hana pa kuzipeleka. Shule inaweza kuanza kwa chombo kimoja chenye mfuniko, kikae penye kivuli nje ya madarasa, kiandikwe jina, na ofisi ya afya au mazingira ya halmashauri iulizwe kwa barua. Barua ya wazazi hamsini ina uzito kuliko malalamiko ya mmoja.

Na kama shule ya mwanao haina roboti, usivunjike moyo. Redio iliyokufa juu ya kabati ina spika, nyaya na ubao wa kielektroniki. Hakikisha haijachomekwa kwenye umeme, toa betri zake, mpe mtoto bisibisi, kaa naye. Televisheni na oveni za umeme ziachie mafundi, kwani baadhi huhifadhi umeme hata zikiwa zimezimwa. Ila redio ndogo ya betri mwachie aifungue, na akishindwa kuirudisha ilivyokuwa, mpeleke kwa fundi wa mtaani akaone mwenzake anavyofanya.