Mwanza: mji uliopoteza baraza lake

Anayetoka Kamanga, penye kivuko cha kwenda Sengerema, akafuata barabara ya Makongoro kwa miguu, hufika Kirumba bila kutambua kwamba ametoka Jiji la Mwanza na kuingia Manispaa ya Ilemela. Majabali ni yale yale, ziwa ni lile lile, na adhana ya Alasiri husikika pande zote mbili. Mpaka huo ni wa mwaka 2012. Kabla yake pande zote mbili zilikuwa jiji moja.

Tulipita njia hiyo tukiwa na swali la zamani zaidi. Mwaka 1972 serikali, kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani. Serikali za mitaa zikavunjwa. Muda si muda halmashauri za miji nazo zikamezwa na utawala wa mikoa na wilaya. Jina "madaraka" lilikuwa tamu, lakini mwenye mji ndiye aliyenyang'anywa. Maofisa waliupa uzito mpango wa vijiji na kilimo, na mitaro, taka, maji na zahanati za mijini zikabaki bila mwenyewe. Kipindupindu kilipoingia nchini, ubaya huo ulionekana wazi. Sheria ya mwaka 1978 ikazirudisha halmashauri za miji.

Mwanza ilipata jeraha jingine. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na hapa ndipo palipokuwa makao ya ushirika mkubwa wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba, lau angeanza upya, asingevunja serikali za mitaa wala ushirika. Ni viongozi wachache wanaosema hivyo wakiwa bado madarakani.

Ndiyo maana hatuwaoni wakorofi wanaouliza ushuru wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, unafanya nini. Dagaa hushushwa Ilemela na kukaangwa katika majiko ya Mbugani, upande wa Jiji. Mama anayebeba ndoo yake kati ya halmashauri mbili ana haki ya kujua ni ipi itakayozibua mtaro ulio mbele ya mlango wake, na aende ofisi gani usipozibuliwa.