Meza ya Magazeti, Tanga

Nilipoondoka Benaco mwanzoni mwa miaka ya tisini, palikuwa njia panda tu: huku unashuka Rusumo, huku unakwenda Ngara mjini. Hata jina ni la kampuni ya Waitaliano waliojenga barabara. Nilikuwa sijawahi kushika kitabu kisicho cha shule. Baba mdogo, kibarua wa bandari Tanga, ndiye aliyenipeleka maktaba.

Jengo lile ni la miaka ya 1950, enzi za Gavana Twining, lilipopewa jina la Mfalme George wa Sita. Lina ua wa ndani wenye nakshi za Kiarabu. Baada ya Uhuru likaingia chini ya Huduma za Maktaba, zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na nyumba ya mfalme ikawa ya yeyote awezaye kuvua kofia na kunyamaza.

Mimi nilikuwa mtu wa meza ya magazeti. Wazee wa mjini walipokezana Uhuru na Majira, na kijana alisubiri zamu yake. Siku za mwisho za Aprili 1994 nikaona Benaco imeandikwa gazetini. Wakimbizi wapatao 250,000, kwa hesabu ya UNHCR, walikuwa wamevuka Rusumo kutoka Rwanda kwa takriban siku moja. Malisho ya mbuzi wetu yakawa mji wa maturubai. Nilisoma, nikarudia, mpaka mkutubi akanisogelea.

"Ni kwenu huko, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Tangu siku hiyo akawa ananiwekea kila gazeti lililotaja Ngara. Barua ya nyumbani ilichukua wiki nyingi. Kwa muda ule habari za kwetu nilizipata kwake.

Kila nipitapo Tanga huingia. Wazee wamepungua, habari ziko kwenye simu. Meza zimejaa wanafunzi na madaftari yao, wengi hawagusi rafu. Rafu naisikitikia, ila wanafunzi siwalaumu hata kidogo: wapi pengine watapata kiti, mwanga na ukimya bila kununua soda?

Benaco hawapati. Kambi ilifungwa Desemba 1996, sasa ni malori ya Rwanda na Burundi, gesti na maduka. Mpwa wangu anajisomea mtihani wa kidato cha nne kwenye kibanda cha chipsi, kwa kuwa ndiko kwenye taa. Halmashauri ingetenga chumba kimoja tu cha kusomea, kabla viwanja vya kando ya lami havijaisha.