Kwa nini natembea na sindano kwa mkoba

Juzi kwa matatu ya Kitale kwenda Bungoma, mama mmoja aliona sindano kwa mkoba wangu akasonga dirishani. Sikumlaumu. Wacha niwaambie nyinyi.

Nilijifungua Bungoma, kwa kina senge, nikiwa na miaka 20 na mwaka wa pili chuo. Damu ilitoka hadi nikazimia. Wakaniongezea, nikaamka, mtoto yuko sawa. Lakini maziwa hayakuja, hata tone. Senge alinipikia uji wa wimbi asubuhi na jioni, wapi! Maneno yakaanza: ati sitaki kunyonyesha juu naogopa kuharibu shepu.

Nikarudi kwetu Kitale. Hedhi haikurudi. Nywele za kwapa ziliisha zenyewe. Kitale kuna baridi, sawa, lakini mimi nilivaa sweta mbili saa saba mchana. Chuo nililala tu mpaka nikaacha. Waliniita mvivu, na mimi nikaamini.

Miaka miwili baadaye ndipo daktari mmoja aliniuliza: "Ulipojifungua ulipoteza damu nyingi? Na maziwa yalikuja?" Nililia kabla sijajibu.

Kuna tezi chini ya ubongo, pituitari, ndogo kama punje ya minji. Ukiwa na mimba inavimba na kutaka damu zaidi. Damu ikikuisha ghafla, inaweza kufa. Na yenyewe ndiyo huamrisha maziwa, hedhi, tezi ya shingoni, hata kotisoli inayokusimamisha ukiugua. Ni ugonjwa wa Sheehan, jina la daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka wa 1937. Yaani tangu 1937, na mimi naitwa mvivu.

Sasa ni vidonge kila siku, maisha yote. Nilianzishiwa hidrokotisoni kwanza, halafu thairoksini, kwa sababu thairoksini ikitangulia inamaliza ile kotisoli kidogo uliyobaki nayo. Nikishikwa na malaria, naongeza hidrokotisoni mara mbili vile nilielekezwa. Nikitapika, ni sindano, kisha hospitali mbio.

Mwaka jana nikiwa Bungoma, senge alisema nipumzishe mwili, madawa yamezidi. Nikamsikiza. Siku ya tatu nilikuwa sakafuni, presha imeshuka, mtoto ananivuta mkono. Senge mwenyewe ndiye alikimbia kutafuta boda.

Siku hizi hupiga simu kila asubuhi. Hata salamu hakuna. "Umemeza?"