Mama akisema "sijambo" kwenye simu

Kipindi kilichopita niligusia habari ya mama na daktari wake wa viungo, nikaahidi kuandika. Haya.

Mama ana baridi yabisi. Si yale maumivu ya magoti ya uzee. Hii ni ile ambayo kinga ya mwili inavishambulia viungo vyake wenyewe. Tangu korona, miadi yake mingi hapa Uingereza ni ya simu. Daktari anapiga, naweka spika, natafsiri. Dakika kumi tumemaliza.

Daktari anauliza, unajisikiaje? Mama anajibu, "Sijambo, alhamdulillah." Nami namwambia daktari kwamba hajambo. Sasa nyinyi si mnawajua mama zetu? Watasema sijambo hata wakiwa hoi kitandani. Ni adabu ile, si taarifa ya ugonjwa. Wakiwa chumba kimoja, daktari angeona anavyoning'iniza mkoba kwenye kiwiko, angemminya vidole. Kwa ugonjwa huu huwa wanapapasa viungo 28 kimoja kimoja, kujua kipi kimevimba na kipi kinauma. Simu haipapasi.

Ikaenda hivyo miezi. Chapati tukawa tunanunua za dukani, zilizogandishwa, na mimi wala sikujiuliza kwa nini mama kaacha kukanda unga.

Halafu akaja muuguzi mmoja wa kitengo hichohicho. Akataka simu ya video, akamleta mkalimani wa hospitali, na mimi akaniambia kwa upole nipumzike. Niliudhika, kusema kweli. Nikabaki kushika simu tu.

Hakuuliza unajisikiaje. Aliuliza: ukiamka, mikono inachukua muda gani kulainika?

"Mpaka saa nne hivi."

Na mama anaamka alfajiri kuswali! Wenyewe wanasema hata ikizidi nusu saa tu, ni jambo la kuangaliwa. Funga ngumi tuone. Haikufungika. Unaweza kukamua nguo? Kufunga vifungo? Na methotreksati, ile dawa ya mara moja kwa wiki, unameza siku gani?

Kimya. Kisha akamwambia yule mkalimani, kama vile mimi sipo, kwamba ameacha tangu kabla ya Ramadhani. Inamtia kichefuchefu siku nzima. Hakutaka kunihangaisha, nina kazi na watoto.

Wiki ileile aliitwa hospitali, wakamshika mikono, wakapima damu. Dawa ikarudi, safari hii kwa sindano ya kila wiki, na kichefuchefu kimepungua.

Sisemi simu ni mbaya. Hospitali ni mabasi mawili, na baridi ya Januari mnaijua. Mama mwenyewe anapenda kuongea na daktari akiwa na khanga yake sebuleni. Ila siku hizi vidole vikivimba tunavipiga picha siku hiyohiyo, maana siku ya miadi huwa vimetulia, utadhani tulikuwa tunasingizia. Damu anapimwa mapema ili daktari awe na majibu mbele yake. Hali ikichafuka tunaomba kwenda wenyewe, hatungoji simu.

Na mkalimani namwomba siku barua ya miadi inapofika, kwa sababu ukichelewa utaambiwa si una mtoto wako hapo.