Tabaka la Pili

Tulipokuwa shule ya msingi hapa Suna, Migori, miaka ya 1990, Sanaa ilikuwa somo la mtihani. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliiweka pamoja na ufundi na muziki katika karatasi moja ya KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Kwa hiyo kila mtoto, awe na mkono wa kuchora au asiwe nao, alihitaji kitabu cha kuchorea. Mzazi aliyeuza ndizi sokoni Migori akikununulia kimoja, hukutarajia kingine hadi mwaka ujao. Ndiyo maana ukurasa ulioharibika ulituuma sana. Tuliuchana polepole, pini zisilegee, mwalimu asigundue. Kufikia muhula wa tatu vitabu vyetu vilikuwa vimekonda, na kilichobaki ndani yake ni zile picha nzuri tu, kana kwamba hakuna aliyewahi kujifunza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya KCPE yalipunguzwa, Sanaa ikatoka kwenye mtihani, na shule nyingi zikaipa kisogo. Mimi niliendelea kuchora kwa mapenzi: daraja la Mto Migori, malori ya miwa yakielekea Awendo, akina mama wakianika omena. Mtihani ulikuwa umeisha lakini mkono ulikuwa bado unachana.

Aliyeufundisha mkono huo kazi nyingine ni Dani, nyanya yangu mzaa baba. Kila mwaka Desemba ilipokaribia alikandika upya kuta za nyumba yake. Tabaka la kwanza lilikuwa la udongo mzito uliokanyagwa kwa miguu, na lilipokauka lilipasukapasuka kote. Halafu akaja na udongo laini uliochekechwa, akauchanganya na samadi ya ng'ombe, akaupaka kwa kiganja. Mwisho zilikuja rangi: udongo mwekundu, udongo mweupe, majivu na masizi, katika michoro aliyoitoa kichwani mwake. Nilimuuliza kwa nini hakulilainisha tabaka la kwanza tangu mwanzo ili lisipasuke. Akanijibu bila kuinua macho, "Nyakwara, mjukuu wangu, nikilainisha leo, huu wa kesho utashika wapi?"

Nilikwenda kwenye kitabu changu na swali hilo. Kulikuwa na ukurasa wa stendi ya matatu Migori niliokuwa nimeukatia tamaa: mapaa ya mabati yalilala upande na magari yalionekana hayana uzito. Kitu kimoja tu kilikuwa hai, mama aliyejitwisha beseni, shingo imenyooka. Badala ya kuuchana, niligundisha ukurasa huo na wa nyuma yake ili karatasi iwe nene, nikaukandamiza chini ya vitabu vizito usiku kucha usijikunje. Asubuhi nikapaka rangi nyeupe ya maji, ile ya kuta, nikiwa nimeizimua hadi mistari ya zamani ikawa inaonekana kwa mbali. Mama wa beseni sikumgusa. Nikabandika vipande vya gazeti la Taifa Leo na kalenda kuukuu ya duka la pembejeo pale palipokuwa na vibanda, nikachanganya vumbi jekundu la barabarani na gundi ya mbao kwa ajili ya barabara, kisha nikarudia mistari michache kwa mkaa. Yale mapaa yaliyolala, yakichungulia chini ya weupe, yalileta msongamano ambao mchoro wa kwanza haukuwa nao. Stendi ikawa stendi.

Tangu hapo nilianza kuzijua tabia za matabaka. Krayoni ina nta, kwa hiyo rangi ya maji huikimbia. Ukitaka ishike, pitisha msasa kwanza, au uiache ikimbie mahali unapotaka mwanga. Wino wa kalamu hupenya weupe na kurudi juu siku ya pili, hivyo ni heri kuubandikia karatasi. Uji wa unga wa muhogo ni gundi nzuri na rahisi, ila mende huupenda. Kubwa kuliko yote, kila tabaka likauke kabla ya linalofuata, la sivyo yote hugeuka tope la rangi moja.

Baadaye nilisoma habari za msanii Rosemary Karuga, nikaelewa kwamba hata kuchana kuna heshima yake. Alizaliwa Meru mwaka 1928, akasoma sanaa Makerere kati ya 1950 na 1952, akafundisha shule kwa miaka mingi. Rangi zilipomshinda bei, aligeukia karatasi za sabuni na pakiti za unga, akazichana vipande vidogo na kujenga kwavyo wanyama na maisha ya kijijini. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum in Harlem, New York, na alifariki mwaka 2021. Wangechi Mutu naye, msanii mzaliwa wa Nairobi, aliwahi kujenga nyuso za ajabu juu ya kurasa za vitabu vya zamani vya tiba. Wote wawili walianzia kwenye karatasi iliyokwisha kutumika, yenye maneno na rangi za watu wengine. Sisi tulifundishwa kwamba picha huanzia kwenye weupe.

Vifaa navyo vimebadilika. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017, karatasi za kaki na magazeti ya kufungia bidhaa yaliongezeka madukani, na kaki hupokea mkaa vizuri kuliko karatasi nyeupe. Nyumba za udongo zinapungua Suna, matofali na saruji vinachukua nafasi yake, na michoro ya kuta imekuwa adimu. Lakini mtaala mpya wa umilisi, ulioingia gredi za kwanza mwaka 2019, umeirudisha sanaa darasani, na watoto wa jirani huja kwangu na kazi za kolaji.

Mtoto akija na ukurasa anaotaka kuutupa, namwomba anionyeshe kwanza kipande kimoja kisichopaswa kufunikwa. Wengi husema hakuna. Nikiwapa muda hukipata: jicho la mbuzi, mkunjo wa leso, pembe ya paa. Hapo kazi ina pa kuanzia. Na kwa walimu wao nina ombi moja. Mnapokagua vitabu vya kuchorea, hesabuni muone kama kurasa zote zimo, na kwa ukurasa uliorudiwa mpeni mtoto alama zake kamili, kwa sababu humo ndimo mnamoweza kuona alivyofikiri mara ya kwanza na alivyofikiri tena.