Mlenda wa bibi Mvumi na sahani ya mwanangu

Mwanangu alipotimiza miezi saba nilimbeba mgongoni, tukapanda basi dogo kutoka Dodoma mjini kwenda Mvumi, wilayani Chamwino, akamwone bibi yangu. Kwenye begi nilikuwa na pakiti ya unga wa lishe: nafaka tano, soya na karanga, vyote vimesagwa pamoja. Mimi mwandishi wa afya, nikajiona nimejipanga.

Ilikuwa Julai. Mtama ulishavunwa, mibuyu imepukutisha majani, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye nguo za mtoto. Bibi akaitikia shikamoo yangu, akampokea kitukuu chake, akaniuliza, "Huyu anakula nini?"

Nikampa pakiti. Akaifungua, akanusa unga.

"Karanga za humu uliziona kabla hazijasagwa?"

Sikuwa na jibu.

Chakula cha nchi kavu

Ugogo hupata mvua za msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingine hukatika katikati. Ndiyo maana wazee walishikilia uwele na mtama, nafaka zinazovumilia ukame. Vijana wengi wameyakimbilia mahindi kwa sababu uwele una kazi: lazima kufukuza ndege shambani, kisha kutwanga. Lakini mvua ikikatika, mahindi ndiyo ya kwanza kunyauka.

Mboga nazo huwekwa akiba. Mlenda huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa, hutwangwa na kutunzwa hadi msimu mwingine. Wakati wa kupika, maji yakichemka unatia unga wa mlenda huku unakoroga, kisha karanga zilizopondwa na chumvi. Wengine huongeza magadi kidogo.

Akiba hiyo ina historia. Kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, mvua nazo zikagoma. Njaa hiyo, iliyoitwa Mtunya, iliua watu wengi sana Ugogo. Bibi hakuiona, ila alilelewa na walioiona. Hadi leo hatupi jani linaloweza kukauka.

Mimi nilisoma bweni nikificha kwamba kwetu tunakula mlenda, maana wenzangu walikuwa wakitucheka.

Karanga za kuuza, karanga za kula

Jioni bibi akamwaga karanga kwenye ungo, akaanza kuzichagua moja moja. Zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye ukungu au zilizobadilika rangi aliziweka kando na kuzitupa. Hata kuku hakuwapa.

"Zamani nzuri tulipeleka sokoni," akasema, "hizi mbaya tukawapondea watoto kwenye mlenda. Tulidhani tunabana matumizi."

Mzazi mwenzangu, hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2016, watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumukuvu, na 20 wakafariki. Mahindi ndiyo yaliyohusishwa zaidi, lakini karanga nazo hushambuliwa sana. Sumu hii hutengenezwa na fangasi kwenye mazao yasiyokaushwa au kuhifadhiwa vizuri, na kuchemsha au kukaanga hakuimalizi. Kuchagua hakuondoi yote, ila hupunguza sana. Zikishasagwa, huwezi tena kuchagua.

Asubuhi bibi alipika uji wa uwele mtupu, akaongeza kijiko cha karanga alizozichagua, akazikaanga na kuziponda laini, halafu unga wa ubuyu kidogo. Kitaalamu ni mlo mzuri: uwele una madini ya chuma kuliko sembe, na vitamini C ya ubuyu husaidia mwili kuyapokea. Mchana alichota mlenda wa mtoto kabla ya kutia chumvi. Magadi sikumruhusu kabisa, maana huharibu vitamini.

Nami nilikuwa na la kumwambia. Mboga zake alizianika juu ya paa la tembe, kwenye jua kali, na jua hupunguza vitamini A.

"Kivulini zitakauka lini?" akauliza.

Tukakubaliana kuzianika barazani, kwenye kitambaa safi, upepo unakopita.

Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionesha watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Nilizoea kuiandika namba hiyo kama tatizo la kukosa chakula. Mvumi nilikumbushwa kwamba chakula kinaweza kuwapo nyumbani, kizuri kikaenda sokoni na kibaya kikabaki kwenye sahani ya mtoto.

Tulirudi mjini na kilo mbili za uwele, mfuko wa mlenda na kopo la karanga zilizochaguliwa. Mtoto anaendelea kunyonya, na mlenda anaumeza bila kubembelezwa kwa jinsi unavyoteleza.

Ile pakiti nilirudi nayo dukani. Nikamuuliza muuzaji swali la bibi: karanga za humu nani alizichagua?

Naye hakuwa na jibu.